Siku Mama Alipoitwa Namsifu

Kila asubuhi, kabla basi la kwanza halijasimama mbele ya hoteli, mimi huwa nimeshakaa jikoni nyuma na kinu kati ya magoti, natwanga tangawizi ya chai. Harufu yake hupanda moja kwa moja hadi nyuma ya macho. Wenzangu hupiga chafya, wakacheka. Mimi sicheki. Nikinusa tangawizi mbichi namwona mama yangu ameketi kwenye kigoda, mikono yake miwili ameiinua juu kama mtu aliyeamriwa asiguse kitu, na mdogo wangu ananyonya. Nitawaeleza ilikuwaje. Jambo hili nimetembea nalo miaka mingi, na juzi limenirudia kwa namna ambayo hadi sasa sijamaliza kushangaa.

Sisi ni watu wa juu, Upare wa kusini. Kijijini kwetu, ukungu ukishaondoka, ukisimama ukingoni unaiona Ndungu kule chini na majaruba yake ya mpunga. Wao wana joto na ng'ombe. Sisi tuna baridi, migomba na tangawizi. Watu hutusema Wapare kwamba kuku wa jirani akiparua bustani yako, kesi inafika mahakamani. Ni uongo, lakini si uongo mkubwa. Ila siri tunajua kuitunza. Na siri ya mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa ilikuwa hii: wanawake wote waliokuwa wakiosha tangawizi pale mferejini, eti hakuna hata mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga.

Tangawizi yetu ilikuwa ikinunuliwa na tajiri mmoja wa mbali ambaye sisi watoto hatukuwahi kumwona. Tulichokiona ni Fuso lake, likipanda mlima kwa kunguruma, na nyapara wake, mtu mrefu mwenye filimbi shingoni, tuliyemwita Bwana Filimbi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hakuwa mtu wa matusi. Alisalimia wazee, na Jumapili aliimba kanisani kwetu kwa sauti nzuri kabisa. Kazi yake ilikuwa kusimamia tangawizi ichimbwe, ioshwe, ichambuliwe, ijazwe kwenye magunia na kupakiwa.

Wanaume walibeba na kupakia. Wao walichukuliwa msimu mzima, toka gunia la kwanza hadi la mwisho, na mchana walipikiwa ugali. Wanawake waliosha na kuchambua. Wao walichukuliwa kwa wiki. Kila Jumatatu walijipanga kando ya mfereji unaoshuka kutoka kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba, na Bwana Filimbi akapita mbele yao akionyesha kidole. Wewe. Wewe. Na wewe. Huo ndio ulikuwa mkataba. Kidole kikikuelekea una kazi hadi Jumamosi. Kikikupita, unafunga kanga yako unarudi nyumbani. Na kabla ya kidole lilikuja tangazo, kila Jumatatu lile lile: wenye kunyonyesha wasijisumbue kujipanga, kwa sababu Fuso halingoji mtu amalize kunyonyesha.

Baba yangu alikuwa mmoja wa wapakiaji. Mdogo wangu Eliudi alipozaliwa, msimu ulikuwa ndio umeanza, na Bwana Filimbi alimpa baba mkono mbele ya watu wote, akamnunulia soda, akamwambia akapumzike siku mbili kwa sababu ana mgeni nyumbani. Siku mbili, jamani! Baba alizitumia kulala na kupokea pongezi. Mama, aliyemleta huyo mgeni, wiki ya saba alikuwa amejipanga mferejini tumbo amelifunga kwa kitambaa, anasubiri kidole.

Haikuwa tamaa. Upepo ulikuwa umeezua upande mmoja wa nyumba yetu, na pale tulipolala palikuwa pamefunikwa turubai lililotoboka. Mvua za vuli zilikuwa zinakaribia, na kule juu mvua ikinyesha na baridi yake, kitoto cha miezi miwili chini ya turubai si jambo la kufanyia mzaha. Mama alitaka mabati kabla ya vuli. Alichohitaji ni kidole kisimpite wiki saba mfululizo, na katika wiki saba hizo asiwe mama wa mtu.

Basi wakapanga. Bibi, mama yake baba, alibaki na Eliudi, hata Jumapili ya kanisa. Saa nne na saa nane alimbeba hadi kwenye migomba iliyo juu kidogo ya mfereji, akakaa kimya. Mama alimwomba nyapara ruhusa ya kwenda kujisaidia, akapanda, akanyonyesha haraka haraka, akashuka. Wenzake nao walikuwa na migomba yao na mabibi zao. Bwana Filimbi aliamini kabisa kwamba wanawake wa kijiji kile wana matatizo ya tumbo, na siku moja aliwashauri wapunguze makande.

Mimi haya yote sikuyajua. Nilijua tu kwamba mama ana kazi na kwamba ni marufuku kumfuata.

Jumamosi moja goti la Bibi lilivimba likawa kama boga. Alijaribu kusimama akashindwa. Akaniita, akamfunga Eliudi mgongoni kwangu, akaikaza kanga hadi nikakosa pumzi.

"Utakaa kwenye migomba," akaniambia. "Usishuke. Usiite. Mama yako atakuja."

"Kwa nini nisiite, Bibi?"

"Kwa sababu nimesema. Maswali yako yaweke, utaniuliza nikishapona goti."

Nikaenda. Nilikaa kwenye majani makavu ya migomba, na harufu ya tangawizi ilipanda kutoka chini ikiwa imechanganyika na ya udongo mbichi. Kupitia katikati ya majani niliwaona wanawake kama kumi na tano wamesimama ndani ya maji hadi nusu ya miguu, wanasugua tangawizi kwa nyayo na kwa mikono ndani ya matenga, maji yakitoka mekundu. Fuso lilikuwa limefika mapema kuliko kawaida. Bwana Filimbi alikuwa amesimama ukingoni kabisa, na niliwasikia wanawake wawili wakiomba ruhusa, akawakatalia wote wawili. Leo hakuna wa kutoka, alisema, hadi gunia la mwisho.

Halafu akaita, "Namsifu!"

Nikajiuliza Namsifu ni nani. Kwetu mwanamke akishapata mtoto wa kwanza, jina lake linawekwa kando na anaitwa kwa mtoto. Mama yangu alikuwa Mama Nakundwa, kwa sababu Nakundwa ni mimi. Baba alimwita hivyo, Bibi alimwita hivyo, mchungaji alimwita hivyo, na mimi nilitembea kijijini nikijua kwamba mtu mzima mzima anabeba jina langu. Hilo Namsifu nilikuwa nimeliona mara moja tu, kwenye kadi ya kliniki ya Eliudi, nikadhani ni la nesi.

"Abee!" mtu akaitika.

Sauti ilikuwa ya mama. Mama yangu mzima, aliyekuwa akiitikiwa na mimi, ameitika abee kama msichana aliyetumwa chumvi. Nilisikia aibu ikinipanda masikioni, kana kwamba nimemchungulia akioga. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mferejini wote walijiandikisha kwa majina ya usichana, Bwana Filimbi asijue nani mke wa nani.

Saa nne ikapita. Eliudi alianza kwa kunung'unika, akaja kulia, kisha akafika pale ambapo mtoto halii tena bali anakauka, mdomo wazi na sauti haitoki. Nilimtikisa. Nilimwimbia. Nilimpa kidole changu anyonye, akakitema. Nikaona nitamuua mtoto wa watu. Bibi alisema nisishuke, lakini Bibi hakuwepo kumwona alivyobadilika rangi. Nikashuka.

Nilisimama ukingoni mwa mfereji na nikaita kama ambavyo mtoto yeyote angeita.

"Mama!"

Ndugu zangu, nimeishi sasa miaka thelathini na ushee na sijaona kitu kama kile. Wanawake wote kumi na tano waliacha kusugua kwa pamoja. Vichwa vyote viliinuka, nusu tu, kisha vyote vikainama tena kwenye matenga. Hakuna aliyeitika. Mama alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Macho yetu yalikutana, akayapitisha juu yangu kama unavyoyapitisha juu ya mbuzi wa jirani.

Bwana Filimbi akageuka. "Huyu mtoto wa nani?"

Maji tu.

"Namsifu, uko karibu naye. Unamjua huyu?"

Mama hakusita hata kidogo. "Simjui," akasema, akaendelea kusugua.

Nilitaka kusema mimi ni Nakundwa, mbona umenisuka nywele hizi jana, lakini ulimi ulikuwa umekauka kama wa Eliudi. Nilisimama tu na mtoto mgongoni, nikimwangalia mama yangu asiyenijua.

Ndipo baba alipotokea kutoka upande wa Fuso. Alikuwa na gunia begani, akalibwaga chini. "Wangu hao," akasema.

Kirahisi hivyo! Alitamka mbele ya watu wote na mbingu haikuanguka. Wapakiaji wakacheka, mmoja akapiga mluzi. Bwana Filimbi uso wote ukafunguka.

"Ahaa, Baba Nakundwa! Kumbe ndiye huyu wa ile soda yetu!" Akamfungua Eliudi mgongoni mwangu kwa mikono yake mwenyewe, akambinya shavu, akampa baba. "Kafanana na wewe kabisa. Sasa mama yake yuko wapi, mtoto anakaukiwa namna hii?"

"Ameenda... ameenda mashineni kusaga," baba akasema.

Bwana Filimbi akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Akawageukia wanawake mferejini, akawahubiria kwa ile sauti yake nzuri ya kanisani. "Mnaona? Wanawake wengine bwana! Unazaa, unamwachia mtoto mwenzake abebe, wewe unazurura mashineni. Mama wa kweli hawezi kusikia kilio kama hiki akakaa."

Na mama alikuwa pale, hatua nne, amekaa na kilio kile. Eliudi analia mikononi mwa baba asiye na cha kumpa, na mwenye nacho ameinamia tenga la mtu. Nilimwangalia mama nikimchukia kama sijawahi kumchukia mtu. Ndipo nikaona kifua cha blauzi yake. Madoa mawili ya mviringo, yanakua. Mdomo wake ulikuwa umesema hajui, lakini maziwa yalikuwa yanaitika, na yeye hana hata mkono wa kuyaficha.

Karibu yake alikuwa Nanzia, jirani yetu, mwanamke wa maneno mengi na meno yaliyoachana. Nanzia naye aliyaona. Alichota ndoo nzima ya maji yale mekundu, akajifanya ameteleza, na pwaa! yote kifuani kwa mama.

"Yesu wangu, Namsifu, samahani! Nimeteleza mie!"

Akaangua kicheko, na wanawake wote wakaangua naye, kicheko kikubwa kisicho na sababu. Mama akabaki amelowa toka shingoni hadi miguuni. Mimi nilidhani wanatucheka. Nilidhani Nanzia amefurahi kuona tumekanwa.

Filimbi ikalia. "Nanzia! Hapa si mahali pa kuogeshana!"

Baba akanirudishia Eliudi. "Nenda nyumbani," akasema taratibu, bila kuniangalia. Kisha akainama, akalipandisha gunia lake begani.

Nilimkuta Bibi mlangoni, goti amelinyoosha juani. Eliudi alikuwa amelala kwa kuchoka kulia. Nikamwambia Bibi, "Mama amesema hanijui." Bibi hakunigombeza kwa kushuka. Alimchukua mtoto, akamkorogea uji mwepesi, akamnywesha kwa kijiko, tone moja moja.

"Wanasema mficha uchi hazai," akasema baadaye. "Mama yenu amezaa na bado anaficha."

Jioni mama alirudi. Nilimsikia akijikung'uta matope mlangoni. Nilikuwa nimekaa jikoni kando ya chungu cha makande, na hasira yangu ilikuwa imechemka mchana kutwa. Sikumpa shikamoo. Nilimpa jina lake.

"Namsifu!" nikaita, kama alivyoita yule mwanaume.

"Abee!" mama akaitika.

Aliitika kabla hajafikiri, kwa uchovu na kwa mazoea. Kisha akasimama pale mlangoni, na mimi nikasimama. Kwetu mtoto akimwita mama yake kwa jina ni kofi, tena la kukumbuka. Niliinua mkono kujikinga. Kofi halikuja. Nilimwona mama akinitazama kama mtu aliyegundua kwamba mlango aliodhani ameufunga ulikuwa wazi siku zote.

"Njoo unishikie mtoto," akasema.

Maji ya tangawizi yakikaa mikononi kutwa nzima yanawasha kama pilipili, na ngozi katikati ya vidole vyake ilikuwa imechubuka. Hakuweza kumgusa Eliudi usoni. Akaketi kwenye kigoda, nikamfungulia vifungo, nikamshika Eliudi kichwa hadi akapata titi. Mama akainua mikono juu, mbali na mtoto. Ndivyo alivyonyonyesha msimu ule wote, na mimi sikuwahi kuangalia.

"Mbona ulisema hunijui?" nikamuuliza. Nilikuwa nalia sasa.

"Kule sina mtoto," akasema. "Hapa ninao wawili. Usinichanganyie, Nakundwa."

Baba alikuwa nje anachonga mpini wa jembe. Nadhani alisikia. Hakuingia.

Jumatatu nilijificha kwenye migomba kwa hiari yangu. Kidole kilipita. Kilimwelekea mama. Kilipofika kwa Nanzia kikaruka. "Huyu anacheza kazini," Bwana Filimbi akasema, bila ubaya wowote, na kuendelea. Nanzia alikuwa na watoto watatu na mume aliyeondoka bila kuaga. Nilingoja mama aseme neno. Mama alikuwa anayaangalia maji. Nanzia akafunga kanga yake, akapanda njia, akanipita pale nilipojificha, akaniona, akanikonyeza kwa jicho moja.

Tangu siku hiyo mama alikwenda kuosha tangawizi na gauni jeusi, lile alilolivaa kwenye msiba wa babu. Watu walimuuliza amefiwa na nani. Alijibu kwamba nyeusi haionyeshi matope. Mabati yaliezekwa wiki moja kabla ya vuli, na mvua ya kwanza iliponyesha tulilala pakavu. Nanzia alishuka Ndungu kupandikiza mpunga wa watu, na hakurudi kuishi kwetu. Mama kila alipomtaja alianza kwa kusema, "Yule mwenzangu," kisha akahamia habari nyingine.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kwa kucheka: nyapara, filimbi, makande. Nilijiona nimemsamehe mama. Nilijiona mkubwa kweli.

Sasa nina Neema, binti yangu, ana miezi saba. Mume wangu anaendesha bodaboda hapa Same, na nawaapia hakuna abiria wala tajiri wa pikipiki aliyewahi kumuuliza kama ana mtoto. Mimi nilipokuja kuomba kazi hapa hotelini, nilipokelewa na meneja, dada wa umri wangu, mpole, mwenye kucha nzuri. Kazi ni ya mwezi kwa mwezi, akasema, tukiridhika tunaendelea. Karatasi hakuna. Halafu akauliza huku akiandika kitu kwenye simu, "Una mtoto mdogo?"

"Sina," nikasema.

Neno lilinitoka laini, halikukwama popote. Ni baada ya kutoka nje, kwenye jua na vumbi la barabara kuu, ndipo niliposimama ghafla. Sauti ile niliijua. Ilikuwa imesimama ndani ya maji, ya tatu kutoka mwisho. Nikiwa mtoto nilidhani mama alikuwa na moyo mgumu siku ile, na kwamba ugumu ule alizaliwa nao. Nilitamani sana mtu angekuwa ameniambia kwamba mtu anaweza kumkana mwanawe kwa pumzi moja, na bado akawa anampenda kwa pumzi ile ile.

Juzi, wiki yangu ya tatu, basi la kutoka Arusha lilishusha abiria, na mmoja wao alikuwa na kichanga. Kikaanza kulia katikati ya ukumbi. Mimi nilikuwa na sinia la vikombe vya chai, na nikahisi kifua kinajaa, kinachoma, kinafunguka. Nikalibana sinia kifuani, chai ikanimwagikia tumboni, nikatembea hivyo hadi jikoni mbele ya macho ya meneja, nikaketi nyuma ya kinu.

Mchana nilimpigia mama. Nilimweleza yote, hoteli, meneja, neno nililosema, kichanga, sinia. Hakunikatiza. Nilisikia kuku wa kule nyumbani.

"Nani alikumwagia maji?" akauliza mwishowe.

"Hakuna, mama. Hapa kila mtu na lake."

Nilimsikia akiwafukuza kuku mlangoni.

"Basi vaa nyeusi," mama akasema.